Miguu Safi

Alhamisi ya tarehe tisa, saa kumi na moja alasiri, kisu cha Fundi Soli kilizama kwenye unyayo wa mkewe kina cha punje ya mahindi, na mkewe akaendelea kucheka.

Alikuwa akimcheka nyapara. Amekaa kwenye kigoda mlangoni, mguu wa kushoto umelowekwa kwenye beseni, wa kulia mumewe ameupakata juu ya aproni yake ya ngozi kama kiatu kilicholetwa kutiwa soli, naye mikono inapaa hewani akiigiza jinsi yule bwana anavyotembea na saa yake. Kwenye kiwanda cha ngozi alikofanya kazi mkewe walimwita Saa Mbovu, maana saa yake ilikuwa mbele wakati wa kuingia na nyuma wakati wa kutoka.

"Akasimama juu ya birika la chokaa akatutazama chini. Akasema, 'Nyinyi wanawake wa chokaa, mimi huletewa ngozi tupu hapa. Hizi kwato zimetoka wapi?' Yaani sisi! Miguu yetu! Mwenzangu mmoja akamjibu, 'Bosi, ng'ombe kaja mzima. Kwato tumechukua sisi, pembe umechukua wewe.'"

Fundi akacheka naye, halafu akaona aproni imelowa. Alidhani ni maji ya beseni. Aliposogeza mguu kwenye mwanga akaona mkato, mwembamba, ulionyooka, kama tundu analotoboa kwenye mkanda ili kupitisha bizimu. Damu ilikuwa inatoka polepole, nyeusi, haina haraka.

"Tulia kidogo, Bi Mkubwa."

"Nimetulia. Na huyo bi mdogo unayemfichia kisu kikali yuko wapi?" Huo ulikuwa utani wao wa miaka yote, maana mke alikuwa mmoja tu na wa pili hakuwahi hata kuotwa.

"Hukusikia kitu?"

"Kitu gani?"

Hapo ndipo mtu mwingine angeogopa. Fundi Soli hakuogopa. Alifurahi. Maisha yake yote alikuwa amesema kwamba kisu kikinolewa kikanoleka, ngozi haijui kama imekatwa mpaka iachane yenyewe. Sasa aliona ushahidi. Kamkata mtu mzima, mwenye akili timamu, na mtu hana habari.

"Huu mkono," akasema, akiuinua, "si wa kila mtu."

"Kilemba cha ukoka unajivika mwenyewe siku hizi," mkewe akamjibu, akaendelea na Saa Mbovu wake.

Kesho yake ilikuwa siku ya ukaguzi. Mara mbili kwa mwaka kiwanda cha ngozi kilikagua miguu ya wanawake wa mabirika ya chokaa, mahali ambapo ngozi mbichi hulowekwa mpaka manyoya yalegee. Husimama humo kutwa, maji yakifika chini ya goti, buti za mpira zikivuja, wakizigeuza ngozi kwa kulabu. Kwa mtu wa mbali, ukaguzi ni jambo jema. Utasema, tazama, mabwana wanawajali watu wao. Lakini mwenye miguu iliyoota sugu na kubadilika rangi hakutibiwa. Alitolewa kazini. Akiulizwa kwa nini, anaambiwa ni kwa ajili ya afya yake mwenyewe. Kwa hiyo wiki ya ukaguzi, mtaa mzima ulikuwa ukisugua nyayo kwa mawe, wembe na chumvi, na aliyebahatika kuolewa na fundi viatu alionewa wivu.

Kisigino cha Bi Mkubwa kilikuwa kinene kama soli ya pili, manjano pembeni na kijivu katikati, na magaga yake yangeweza kumeza sarafu. Chini ya dole gumba kulikuwa na sugu ngumu ya duara, ndiyo iliyokuwa ikichongwa. Kuanzia kifundo kwenda juu, ngozi ilikuwa imeingia weusi wa kahawia, kama sufuria iliyoungua nje. Kucha zimepinda, za rangi ya pembe. Fundi hakuona maradhi pale. Aliona kazi. Miaka kumi na mmoja alikuwa akiichonga miguu ile, akiilainisha kwa mafuta yale yale ya kulainishia ngozi ya buti, na mwisho kuipaka rangi ya viatu ili weusi na weupe vilingane. Mwaka wa kwanza walijaribu kahawia nambari moja, akaonekana amevaa soksi. Nambari mbili ndiyo ilikuwa yake. Ilikaa juu yake kama alizaliwa nayo.

Tatizo lilikuwa mkato. Rangi isingeshika juu ya damu, na mkaguzi asingekosa kuiona. Fundi akaufuta kwa kitambaa, akabana kingo zake kwa vidole, akadondosha tone la gundi ya kubandikia soli. Akapuliza. Ikashika.

Binti yao alikuwa ameingia kutoka kwa fundi cherehani wa jirani, alikokuwa akishona vifungo. Akasimama na mkoba begani.

"Baba, hicho ni kidonda. Si kiatu."

"Na wewe udaktari umesomea wapi? Kwenye vifungo?"

"Sijasoma. Nauliza tu. Mama, kwa nini huumii?"

Mama akamtazama, bado tabasamu la Saa Mbovu liko mdomoni. "Mwanangu, mguu ukiumia miaka kumi na mmoja, na wenyewe huchoka kuumia."

Fundi akafungua kopo la rangi.

*

Ijumaa alasiri Bi Mkubwa alirudi akiimba. Alivua viatu vya mtaani mlangoni, akajitupa kwenye kigoda, akaanza kusimulia kabla hajapewa hata maji.

Foleni ilianzia stoo mpaka kwenye tangi. Wanawake arobaini, peku, kila mmoja ameshika viatu vyake mkononi kama wanafunzi waliochelewa. Kwa kuwa hakuna aliyetaka kuzungumzia hofu yake, walizungumzia miguu ya wenzao, na kila mmoja alikuwa na sababu. Mmoja alisema ni fangasi za buti, maana kila mtu huenda na zake nyumbani jioni na kuzivaa asubuhi jasho la jana halijakauka. Mwingine alisema ni kusimama, damu inashuka halafu inasahau njia ya kurudi. Wa tatu akasema ni chokaa, kama inakula manyoya ya ng'ombe itaogopa nini kukula wewe. Bibi mmoja, mkongwe kuliko mabirika yenyewe, akasema ni uzee tu, jamani, na kutembea peku utotoni. Akatokea na wa kusema kuna mtu amemwaga kitu mlangoni, wenzake wakamzomea.

"Na tabibu wenu anasemaje?" Fundi akauliza, ingawa alijua.

"Kopo Moja? Yeye ana neno moja. Uchafu."

Tabibu wa kiwanda aliitwa Kopo Moja kwa sababu dawa yake ilikuwa moja. Ukiwa na upele, alikuchotea humo. Ukivimba, humo. Mwanamke mmoja aliyelalamika jino aliapa kuwa naye alichotewa humo humo.

"Sasa ikafika zamu yangu. Naweka mguu kwenye benchi. Saa Mbovu amekaa na daftari lake, kalamu sikioni. Kopo Moja akashika kisigino, akapitisha kidole gumba, hivi, kutoka nyuma mpaka huku mbele, akakandamiza. Kuinua, kidole chote kahawia!"

Fundi alisimamisha nyundo. "Kahawia gani?"

"Nambari mbili!"

"Mungu wangu. Halafu?"

"Akakitazama kidole. Akanitazama mimi. Nikatazama dari, nahesabu mabati. Basi akageuza pindo la koti lake jeupe, akajifuta kwa ndani, akasema, 'Safi.' Saa Mbovu akaandika: miguu safi. Nikabandika dole gumba langu kwenye daftari. Nimepita!"

Walicheka mpaka Fundi akashika ubavu. Alimwomba mkewe arudie pale pa koti, akarudia. Arudie tena, akarudia. Binti alikuwa anakatakata nyuzi pembeni.

"Kwani aliona?" akauliza.

"Nani?"

"Huyo tabibu. Kama alijifuta, basi aliona."

"Kaona, kajifanya hakuona. Ni binadamu," mama yake akasema. "Na wewe acha kukunja uso. Kazi ipo mpaka mwezi wa kumi."

*

Jumatatu Bi Mkubwa alisema buti ya kulia imembana. Jumanne asubuhi alianza kutetemeka, na jua limewaka. Alitaka kwenda kazini hivyo hivyo. Alipofika kwenye kizingiti alishika mwimo wa mlango, akakaa chini taratibu kama mtu aliyekumbuka jambo.

Fundi akauweka mguu mapajani. Ulikuwa umejaa kama unga uliotiwa hamira. Rangi ilikuwa bado imeshika vizuri, nzuri, laini, hakuna pa kuona kitu, na kwa mara ya kwanza aliichukia kazi ya mikono yake. Akachukua petroli anayofutia gundi, akaanza kusugua. Kahawia ilipotoka, chini yake palikuwa pekundu, kisha pa zambarau, na kuuzunguka ule mkato palikuwa peusi. Gundi ilifunguka kama kizibo.

Harufu ikapanda. Binti alikimbilia nje. Fundi hakukimbia, maana aliifahamu. Ngozi iliyokosa chumvi kwenye joto hunuka hivyo, na hakuna fundi duniani anayeweza kuirudisha.

"Inauma?" akauliza.

"Kiuno kinauma. Kichwa. Mguu, hapana." Kisha, kwa sauti ndogo: "Fundi, mbona hauumi?"

Fundi aliufunika mguu. Aliomba mkokoteni kwa muuza mkaa, akatandika gunia na shuka, wakamsukuma mpaka zahanati ya mtaa. Muuguzi pale alifunua, akafunika haraka, akasema maneno machache. Huu mguu unataka upasuaji, upasuaji uko hospitali kubwa, hospitali kubwa ni mwendo wa siku kwa lori na nusu siku kwa gari dogo. "Mmechelewa, lakini si sana. Mkiondoka sasa hivi. Mna gari?"

Mtaa ule ulikuwa na gari moja tu la wagonjwa, nalo lilikuwa la kiwanda. Jeupe, lina mstari mwekundu, na dereva wake aliliosha kila siku kwa kukosa kazi nyingine. Lilibeba wafanyakazi walioumia kazini. Kazini tu.

Bi Mkubwa alivuta mkono wa mumewe karibu na mdomo wake. "Sikiliza. Jumatatu nilikanyaga kulabu birikani. Umesikia? Kulabu. Usiongeze neno, usipunguze."

"Kulabu," Fundi akasema.

"Rudia."

"Jumatatu. Birikani. Kulabu."

*

Walifika getini jioni ya Jumanne, wakamweleza mlinzi habari ya kulabu, wakaambiwa ofisi imefungwa. Wakarudi Jumatano kabla ya king'ora cha asubuhi. Mlinzi aliutazama mkokoteni, akaziba pua kwa kofia yake, akasema mgonjwa abaki nje na mwenye shida aingie. Tena avue viatu, sakafu ya ofisi imetoka kupigwa dawa.

Kwa hiyo mtu aliyevisha viatu nusu ya mtaa aliingia ofisini peku. Alikaa kwenye benchi tangu saa moja na nusu mpaka saa nne. Watu walipita, wakatazama miguu yake, wakatazama sura yake. Karani mmoja alimwuliza kama amekuja kuzibua choo. Dirishani aliliona lile gari jeupe, na dereva akisugua rimu kwa mswaki.

Alipoitwa, Saa Mbovu alikuwa nyuma ya meza, Kopo Moja kwenye kiti cha pembeni akinywa chai.

"Mke wangu amekanyaga kulabu, bosi. Jumatatu. Birikani. Anaomba gari."

Saa Mbovu hakubisha. Wakubwa hawana haja ya kubishana, wana daftari. Alilifungua, akapitisha kalamu chini, akaligeuza ili Fundi aone, akijua kabisa kuwa hasomi vizuri. "Ijumaa tarehe kumi. Miguu safi. Dole gumba lake hili hapa. Hakuna lingine."

"Ijumaa alikuwa safi, ndiyo. Jumatatu ndiyo akaumia."

"Nani aliona?"

"Wenzake."

"Mlinzi alinieleza, nikawauliza asubuhi. Hakuna aliyeona." Ilikuwa kweli aliwauliza, wakiwa wamesimama kwenye maji, yeye akiwa juu yao na saa mkononi. "Tabibu, twende ukamwone huyo mama, isije ikasemwa hatuna utu."

Wakatoka. Fundi alisahau viatu vyake, akapita juu ya kokoto bila kuzisikia kwa furaha, maana aliliona gari likiwa limefunguliwa milango yote miwili. Nje ya geti Bi Mkubwa alikuwa amefumba macho, midomo imekauka, binti akimpepea kwa kipande cha boksi. Kopo Moja akainama, akaufunua mguu kwa ncha ya kalamu. Alikaa pale muda mrefu kuliko Fundi alivyotegemea.

"Kulabu huchana," akasema mwishoni. "Hapa hapajachanwa. Hapa pamekatwa, kwa kisu kikali, na mtu anayejua kukata." Akainua kalamu. Kwenye ncha palikuwa na kipande cha kitu kigumu, cha manjano, kinachong'aa. "Na hii si gundi?"

Bi Mkubwa akafumbua macho. "Kulabu," akasema.

Sasa, Fundi Soli hakuwa mjinga. Alijua aseme nini. Ila katika maisha yake hakuna msomi aliyewahi kuinama juu ya kazi yake akaitazama kwa makini namna ile, na aliamini, kama watu wengi wasiosoma wanavyoamini, kwamba daktari akiambiwa kweli hutibu kweli. Aliona kama kalamu ile imefika mahali ambapo dawa inaanzia. Akilini mwake, uongo ulikuwa wa nyapara, na ukweli ulikuwa wa tabibu.

"Ni mimi, tabibu," akasema. "Kisu changu. Nilikuwa natoa sugu, kikaingia, nikaziba kwa gundi. Hakusikia chochote. Labda hilo litakusaidia kujua dawa."

Kopo Moja akanyanyuka. Hakumtazama Fundi, alimtazama Saa Mbovu. Na Saa Mbovu akalifunga daftari lake taratibu, kwa huruma kabisa, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mtoto aliyelala.

"Basi hiyo ni ajali ya nyumbani, mzee wangu. Gari haliruhusiwi. Si mimi, ni utaratibu." Akageuka, akakumbuka kitu. "Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua."

"Na aliyemfundisha kuyaficha je?" binti akauliza, akiwa bado na boksi mkononi.

"Huyu mtoto wenu ana mdomo," Saa Mbovu akasema, akaingia ndani.

Mlinzi alivirusha viatu vya Fundi juu ya geti. Kimoja kiliangukia ndani ya mkokoteni, kwenye magoti ya mkewe. Alikishika, akakitazama soli, kwa mazoea tu ya mke wa fundi.

"Uongo mmoja," akasema. "Katika maisha yako yote nilikupa uongo mmoja tu wa kubeba."

*

Lori la kuni liliwapakia Jumatano mchana na kuharibika njiani. Hospitali kubwa waliiona Alhamisi, saa tisa alasiri, wiki kamili tangu mkato. Daktari alikuwa dada mdogo, macho mekundu, aliyezungumza huku akiandika.

"Tangu lini ana sukari?"

"Sukari? Hana sukari, daktari. Hajawahi kupimwa."

"Anayo, tena ya siku nyingi. Ndiyo iliyoua hisia za miguu. Tangu lini hasikii?"

Fundi alikumbuka Alhamisi ile, na mikono ya mkewe ikipaa hewani, na kicheko. Alikumbuka alivyoinua mkono wake juu kwa majivuno. "Sijui," akasema.

Akauliza na yeye. Aliuliza lile swali la foleni nzima. Unene ule, weusi ule, ulitoka wapi? Daktari akaacha kuandika. Akamwambia si kitu kimoja. Sugu ni ngozi kujikinga na kusuguliwa na buti. Chokaa huikausha na kuichana. Fangasi zipo, tazama kucha. Weusi wa huku juu ni damu iliyotuama kwa kusimama. Na sukari inakaa chini ya vyote, imenyamaza, inafanya mtu asione haja ya kulalamika.

"Vyote hivyo vinaonekana kwa macho, mzee. Huhitaji mashine. Mtu wa afya akiushika mguu kama huu mara moja tu, anajua amwambie mwenyewe akapime. Hakuna aliyewahi kuushika?"

"Ulishikwa," Fundi akasema. "Mara mbili kwa mwaka."

Walimkata chini ya goti Ijumaa. Jumamosi wakasema sumu imeshaingia kwenye damu, inabidi wapande juu zaidi, lakini Jumapili asubuhi hakukuwa na sababu ya kupanda popote. Kabla ya hapo, wakati mmoja, alizinduka akamwuliza Fundi kama mguu uliokatwa wameutupa ukiwa na rangi au bila. Fundi hakujua kama ni utani. Alimwambia bila. "Afadhali," akasema. "Wasije wakadhani ni wa mtu mzima wa afya." Ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho yanayoeleweka.

*

Siku ya tisa baada ya mazishi, karani wa kiwanda alikuja na karatasi. Binti aliisoma mlangoni. Ilikuwa na mambo matatu. Kiwanda kimesikitika. Jozi moja ya buti za mpira, mali ya kiwanda, haijarudishwa. Na nafasi ya marehemu iko wazi, kwa utaratibu wa kiwanda jamaa wa karibu hupewa kwanza, akipita ukaguzi.

"Hutaenda," Fundi akasema.

"Vifungo havitulishi, Baba. Na wewe tangu tuzike hujashika kisu."

Ilikuwa kweli. Kisu kilikuwa juu ya kabati, kimefungwa kwenye kitambaa. Wateja walikuja, wakaona viatu vyao viko pale pale, wakavichukua wakaenda kwingine.

Lakini siku ile alizitoa buti chini ya kitanda. Aliziosha, akazikausha juani, akapuliza ndani ya kila moja kutafuta panapovuja. Ya kulia ilikuwa na ufa karibu na kisigino, ufa wa zamani, uliokuwa ukiingiza chokaa kila siku ya Mungu. Mkewe alikuwa amewahi kumtajia. Naye akamwambia ataishughulikia. Miguu aliishughulikia miaka kumi na mmoja, buti hakuigusa, kwa sababu ilikuwa mali ya kiwanda na watu wa kiwanda ndio wenye wajibu. Akaziba ufa kwa kiraka na gundi ile ile. Kilikuwa kiraka kizuri. Maji yasingepita tena.

Walikwenda wote wawili asubuhi. Wanawake wa chokaa walikuwa wanasubiri king'ora, wakawapisha, mmoja akamgusa binti begani. Benchi lilikuwa pale pale kando ya stoo. Saa Mbovu amekaa na daftari, kalamu sikioni. Alipokea buti, akazigeuza, akaona kiraka.

"Kazi nzuri hii," akasema. "Mungu akupe nguvu, Fundi." Kisha akazisukuma mbele ya binti. "Vua viatu, mwanangu. Tabibu akutazame."

Binti alivua. Miguu yake ilikuwa ya miaka ishirini, nyayo za waridi, kucha safi, hakuna doa. Akaiweka juu ya benchi. Kopo Moja akainama na lile koti lake jeupe, akakishika kisigino, akapitisha kidole gumba kutoka nyuma mpaka mbele, akakandamiza. Akakiinua kidole. Na kabla hajajua anafanya nini, akakitazama.

Fundi Soli alikuwa amesimama hatua moja tu kutoka kwake. Aliliona lile jicho. Pindo la koti lilikuwa limegeuka kidogo kwa jinsi alivyoinama, na kwa ndani, limefuliwa likafuliwa, lakini halijatakata, palikuwa na alama ya kahawia upana wa kidole.

"Safi," akasema Kopo Moja.

Kalamu ya Saa Mbovu ikashuka kwenye daftari.

"Tabibu," Fundi akasema. Sauti haikuwa kubwa, lakini wanawake wote wa chokaa waliisikia, wakageuka. "Tabibu, mimi ni fundi viatu, sijasoma. Nilimkata mke wangu, hilo nimelisema mbele yako, na nitalibeba mpaka kaburini. Wewe umesoma, na una dole gumba. Siku ile lilipotoka kwenye mguu wa mke wangu limejaa rangi ya viatu, ukaligeuzia koti, ulidhani umeshika nini?"